Kibofu cha Afande

Jambo zima liligharimu macho mawili ya paka, miezi minne ya kumnywesha dawa isiyo dawa, ubao mmoja wa duka, na neno moja la Kisomali nililokuwa nikiitwa kila siku na ambalo sikuitwa tena. Nimehesabu mara mbili. Fedha siziweki humo, kwa maana fedha hata zikikataa kurudi, hujulikana ziko kwa nani. Hivi vingine nimevitafuta kwa miaka zaidi ya ishirini na hakuna aliyenionyesha viliko. Kilichonifanya nivitaje leo ni msiba. Mwezi uliopita Eedo Shamsa alifariki Garissa, nami nikaenda kuhani. Nilikaa uani na wanawake, chini ya turubai, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia ambayo huko humwagiwa iliki mpaka pua isalimu kabla ya mdomo. Nilipokuwa natoka, langoni nikakutana na Bishaar, yule aliyekuwa na duka la dawa za mifugo. Ndevu kazipaka hina, tumbo limemtangulia kama mtoto wa shule aliyetumwa mbele. Alinitazama, akanikumbuka, na mbele ya wanaume wasiopungua kumi waliokuwa kwenye viti vya plastiki akasema kwa sauti, "Karani! Kibofu!" Kisha akacheka. Marehemu hajamaliza siku tatu kaburini, mtu anacheka. Nilimwambia, "Poleni kwa msiba," nikaondoka, na kabla sijafika barabarani nilikuwa nimekwisha kujikagua nikaona kwamba sijasamehe hata nukta.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikotoka na kwa nini nilikuja si habari ya sura hii. Tuseme nilijua kuhesabu na nilikuwa na mwandiko unaosomeka, na Eedo Shamsa alikuwa na stoo ya mchele, sukari, unga na tambi pembeni mwa soko liitwalo Mugdi, yaani giza, kwa jinsi vibanda vilivyosongamana na maturubai yakafunika vichochoro. Alikuwa mjane mnene wa taratibu, mwenye macho ya kuona gunia lenye tundu kutoka upande wa pili wa barabara. Hakutaka karani wa ukoo wake. "Mtu ya ukoo akikosea, nitamwambia nini? Wazee watakaa mkutano siku tatu," alisema siku ya kwanza. "Wewe huna ukoo huku. Ukikosea, nafukuza wewe bila mkutano." Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano ya kazi. Aliniambia nimwite Eedo, yaani shangazi, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwa Wasomali neno la ukoo huenda na kurudi: shangazi humwita mtoto wa nduguye kwa jina lilelile analoitwa yeye. Basi mimi nilikuwa nikisema "Eedo," naye akiitika, "Haa, eedo." Sikuwa na uhusiano naye hata wa kuokota, lakini kila nikiitwa hivyo kitu fulani tumboni kilikaa vizuri.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo. Ukuta mmoja ulikuwa mabati, na ng'ambo ya mabati yale kulikuwa na mchele, kwa hiyo nililala, niliamka na nilivaa nguo ndani ya harufu ya gunia. Asubuhi Eedo aligonga mabati kwa mwiko, na nikitoka nilikuta anjera tatu, chapati laini za Kisomali, zimekunjwa, zimelowa samli na sukari. Mbili zangu na moja ya Afande. Afande alikuwa paka, jike, mwenye manyoya ya kijivu na sikio moja lililopasuka katika vita ambavyo hakuna aliyevishuhudia. Jina alipewa na mahamali kwa sababu kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango mkubwa, aliupitia mstari wa magunia kutoka mwanzo hadi mwisho, akageuka, akaupitia tena. Nilimpenda papo hapo. Ndiye mtu wa pekee katika mji ule niliyemwona akihesabu mara mbili bila kulipwa. Umri wake Eedo aliuhesabu kwa ukame na mvua, na jumla yake ilikuwa miaka kumi na mitano. Katika miaka hiyo yote, alisema, hakuna mteja aliyerudisha mchele kwa sababu ya kinyesi cha panya. Mchana tulikula wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni ya sahani kama ilivyo desturi yao. Afande alikaa kati yetu, akila polepole, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba sehemu yake haiwezi kunyang'anywa.

Ilianza na mkojo. Kulikuwa na debe la mchanga nyuma ya mlango, na kwa miaka kumi na mitano Afande hakuwahi kulikosa. Halafu wiki moja akakojoa kando ya debe. Siku iliyofuata akakojoa kando yake tena, upande mwingine. Nikamkuta mara moja amechuchumaa mbele ya gunia la sukari, na sukari ikishika mkojo huwezi kuiuza hata kwa adui. Nilimwambia Eedo. Alikuwa akikoroga chai. Aliweka kijiko chini, akamwita paka kwa kumgongea ulimi, akamwangalia alivyokuja akipapasa ukuta kwa masharubu, akaguna. "Bisad ni kibofu," alisema. Bisad ni paka. Kibofu nilikijua. Akaongeza, "Uzee. Inshallah Mungu atamsaidia," akarudi kwenye chai yake. Mtu wa Kiswahili cha vitabuni angeshtuka pale pale na kuuliza paka anawezaje kuwa kibofu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaizoea ile "ni" ya Eedo, ambayo ilibeba mizigo yote: "mimi ni njaa," "leo ni joto," "sukari ni hakuna." Paka anakojoa ovyo, mwenye paka anasema ni kibofu, hesabu imefunga. Nimehesabu magunia maelfu mara mbili mbili maishani mwangu. Neno lile nililisikia mara moja tu, na sikurudia.

Jioni ileile nilimtia Afande kwenye kikapu nikampeleka kwa Bishaar. Duka lake lilikuwa mlango wa tano kutoka kwetu, limejaa chupa za dawa ya kupe, mabomba ya sindano ya kutosha ngamia, na kalenda ya Makka. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mwenye mzaha kwa kila mteja. Nikamwita kaka kwa Kisomali, "Aboowe, nataka dawa ya kibofu ya paka."

"Kibofu?" aliuliza.

"Kibofu."

"Nani amesema?"

"Eedo Shamsa mwenyewe."

Aliinamia kikapu. Akapitisha kiganja chake mbele ya uso wa Afande, kulia kwenda kushoto, kisha kushoto kwenda kulia. Mimi nilidhani anafukuza nzi. Aliponyooka alikuwa anatabasamu, na nikasema moyoni, huyu kijana ana moyo mzuri, anapenda wanyama. "Kibofu ni hatari sana," alisema kwa sauti ya daktari. Akachota unga mweupe kwenye mkebe, akaufunga kwenye karatasi. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni, ndani ya mchuzi. Ikiisha rudi. Usiache, eh? Hii ugonjwa haitaki mtu ya kuachaacha." Sikuacha. Mimi si mtu wa kuachaacha. Kwa miezi minne nilimchemshia Afande mchuzi wa mifupa, nikatia kijiko, nikakoroga, nikamsimamia mpaka aulambe. Alikunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani Wajir. Nami nikafurahi, kwa kuwa kila mtu anajua dawa ya kibofu ni maji. Macho yake nayo yakabadilika: mboni zikafunguka zikawa pana, nyeusi, zinazong'aa mchana kutwa. Alionekana kijana. Nilimwonyesha hamali mmoja nikasema, "Tazama macho, dawa inafanya kazi." Kila nikikumbuka sentensi hiyo hutamani kuwa mtu mwingine kwa dakika tano.

Ukweli ulikuja na lori la sukari. Stoo ya Eedo ilikuwa na mpango mmoja tangu ijengwe: mchele kushoto, unga mbele, tambi juu ya mbao, sukari kulia, njia katikati. Mzigo wa siku hiyo ulizidi, mahamali wakaanzisha mstari mpya katikati ya njia, nami nikasimama mlangoni na daftari nikihesabu. Afande akatoka kwenye kona yake kufanya ukaguzi. Alitembea kama siku zote, mkia juu, bila wasiwasi, akaingia moja kwa moja kwenye gunia. Pu! Akarudi hatua mbili, akakaa, akajilamba bega kama mtu aliyejikwaa mbele za watu. Akainuka, akaenda tena. Pu! Mahamali walicheka. Mimi niliacha kuhesabu. Nikachuchumaa mbele yake nikachezesha kalamu, sentimita chache kutoka kwenye yale macho mazuri meusi niliyojisifia. Hakupepesa. Nikapiga kelele kumwita Eedo. Akaja na mikono yenye unga.

"Eedo, paka haoni!"

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba mto Tana una maji. "Si nilisema wewe?"

"Uliniambia ana kibofu!"

"Ndiyo!" Akainua vidole viwili vyenye unga akajichoma machoni, hivi, mara mbili. "Kibofu! Kibofu! Haoni!"

Kuna ukimya unaotokea katika kichwa cha mtu anapogundua kosa la hesabu ambalo limekuwa likizaa kwa miezi. Pe. Herufi moja. Lugha ya mama yake haina pe. Mdomo wake uliikuta pe njiani ukaifanya be, kama walivyofanya watu wote wa mtaa ule, nami nilikuwa nikiishi kati yao, nikila sahani moja nao, bila kuliweka hilo akilini hata siku moja. Kipofu. Alikuwa ameniambia ukweli mtupu kabla hajamaliza kukoroga chai. Na alipokuwa akiniona kila siku nikitia unga kwenye mchuzi, yeye alidhani ni dawa ya macho. Alikuwa hata ameniombea dua kwa bidii yangu.

Wiki hiyo daktari mmoja wa mifugo alikuwa amekuja kukagua mbuzi wa mnada. Nilimkamata mlangoni mwa hoteli, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni. Alimulika macho ya Afande kwa tochi, moja kisha jingine, akatikisa kichwa. "Paka mzee hupata presha kama sisi," alisema. "Figo zinachoka, presha inapanda, pazia la nyuma ya jicho linaachia. Kwani alianza lini?" Nikamwambia, miezi minne. Akauliza nilimpa nini. Nilitoa karatasi ya mwisho ya Bishaar. Akachovya kidole, akaonja, akatema. "Dada, hii ni chumvi. Chumvi ya kulambisha ng'ombe." Nilimuuliza, kama ningemleta wiki ya kwanza? Alikuwa mtu mwaminifu, na watu waaminifu hawafai kuulizwa maswali ya namna hiyo. "Siwezi kukuapia kwamba angeona," alisema. "Wengine huona kidogo, wengine hawaoni hata. Ninachoweza kukuapia ni kwamba mgonjwa wa presha halishwi chumvi kutwa mara mbili."

Hata hapo, naapa, nilimwekea Bishaar nafasi ya udhuru. Nilijiambia huenda naye alisikia kibofu. Kisha siku ya tatu nilikwenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani, ambako wanawake walikaa nyuma ya pazia la magunia yaliyoshonwa, na upande wa pili nikamsikia akisimulia. Kisomali changu kilikuwa cha kununulia nyama na kukatalia bei, lakini mtu akitajwa yeye mwenyewe, masikio hujifunza lugha haraka. "Nilipitisha mkono hivi," alikuwa akisema, na wenzake walikwisha kucheka kabla hajafika penyewe, ndipo nikajua hii haikuwa mara yake ya kwanza kuisimulia. "Hivi, na hivi. Bisad kama ukuta! Halafu msichana ananiambia: ki-bo-fu. Nikasema, mashallah, endelea kutibu kibofu!" Sauti ya mzee mmoja ikamuuliza, kwa nini hukumwambia? "Nimwambie?" alisema Bishaar. "Mchezo uishe? Hawa watu wa chini, wasio wa huku, hukaa wakicheka tunavyosema. Siku moja tu, aboowe, siku moja mdomo wetu umewacheka wao." Nilimaliza chai yangu. Nikarudisha kikombe. Nilimwona mwenye kibanda akinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko, kwa sababu ilimaanisha kwamba soko zima lilikuwa likijua.

Sitajifanya kwamba nilishindana na nafsi yangu. Nilitaka kisasi kama mtu anavyotaka maji, na nilikisubiri kama mnunuzi mzuri anavyosubiri: unaondoka, unaangalia bidhaa nyingine, hugeuki nyuma. Wakati huo nilikuwa na kazi ya Afande. Majirani walishauri apelekwe ng'ambo ya daraja akaachwe huko na korongo wa jalalani. Eedo aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda chake. "Hii bisad imelinda mchele miaka kumi na tano," aliwaambia. "Nani kati yenu amelinda kitu miaka kumi na tano?" Tukaamua kwamba mpango wa stoo hautaguswa tena. Mahamali walilalamika, mzigo ukizidi niliulaza nje chini ya turubai, na ndani kila gunia lilikaa pale ambapo kichwa cha Afande kiliamini liko. Baada ya wiki mbili aliupitia mstari wote tena, polepole, masharubu yakigusa kila pembe. Akafika mwisho. Akageuka. Eedo alinishika bega kwa nguvu, akasema, "Eedo, angalia," na tulisimama pale wanawake wawili wazima tukimwangalia paka anavyotembea kana kwamba ni harusi.

Bidhaa yangu ilikuja yenyewe mlangoni. Bishaar alitaka ubao wa duka. Mji ulikuwa umejaa watu wa ofisi, walimu, maaskari, na yeye alitaka waone maandishi ya Kiswahili. Mchoraji alikuwepo lakini huyo alijua kunakili tu. Alihitaji mtu wa kumwandikia maneno kwenye katoni. Akaja kwangu, mchangamfu vilevile. "Karani, wewe una mkono mzuri. Andikia mimi." Nikachukua kalamu ya wino mzito. "Sema," nikamwambia. Akasema, nami nikaandika kwa herufi kubwa alivyotamka: dawa ya mifugo, kube, minyoo, fidonda, mabafu. Hapo nilisimama. Najua nilisimama.

"Mabafu?" nilimuuliza.

"Mabafu!" Akajipiga kifua kwa kiganja. "Mbuzi ikikohoa, si mabafu?"

Nilimpa nafasi ileile moja aliyonipa mimi, nikaandika. Alisoma katoni mwanzo hadi mwisho, akaona kila neno limekaa sawasawa na lilivyo mdomoni mwake, akanishukuru. Mchoraji alinakili kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi. Ubao ukapanda. DAWA YA MABAFU, futi nne kwa mbili, ukionekana kutoka barabarani.

Aliyeanza kuja ni mke wa askari, aliyetaka kitu cha kuzibua bafu la kwenye nyumba zao. Akafuata mwalimu aliyetaka dawa ya kuondoa utelezi sakafuni. Nilikuwa nikiwaona kutoka mlangoni kwetu, na kila mmoja aliyetoka akicheka nilimwekea mstari kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Watu wa bara walianza kupita pale makusudi. Wanafunzi walipita wakiimba maneno ya ubao. Bishaar, ambaye mwanzoni alifurahia wingi wa wateja, alichukua wiki tatu kuelewa. Mwalimu mmoja alimhurumia akamwandikia maneno yote mawili kwenye kiganja, lenye pe na lenye be. Alikuja stooni amefura.

"Umeandika nini kwa ubao yangu?"

"Nimeandika ulichosema, aboowe. Sikuongeza herufi, sikupunguza. Lete katoni tuhesabu."

"Ulijua!"

"Na wewe ulipopitisha mkono, ulikuwa unafukuza nzi?"

Aligeuka akarudi dukani kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa dakika yangu. Niliionja yote, na sitadanganya, ilikuwa tamu kuliko anjera ya samli.

Mchana huo Eedo hakuniita kula. Nilipotoka nilikuta ameshakula. Sahani yangu imefunikwa, yeye amekaa kwenye kigoda, Afande mapajani mwake. "Karani," alisema. Nilidhani anamwita mtu mwingine. "Mbuzi ikikohoa ni nini imeugua?" Akajipiga kifua, polepole, mahali palepale alipojipiga Bishaar. "Mimi nasemaje hii?"

"Mabafu, Eedo."

"Na macho ikikufa?"

"Kibofu."

"Basi umeandika mimi kwa ukuta." Hakuwa amekasirika, ningejua la kufanya na hasira. "Bishaar ni mjinga mmoja. Ulikuwa na deni ya mjinga mmoja. Lakini watoto ya shule wanabita wakiimba mdomo ya nani? Mdomo ya mimi. Mdomo ya hooyo, mama yangu." Nilimwambia sikuwa nimewaza hivyo. Alisema anajua, ndiyo maana hanifukuzi. Kesho yake asubuhi mwiko uligonga mabati kama kawaida, anjera zilikuwa mbili kwangu na moja kwa Afande, samli haikupungua hata tone. Nikasema, "Subalkheri, Eedo." Akajibu, "Subalkheri, Karani." Ikawa hivyo mpaka mwaka ukaisha nikahama, na ikawa hivyo kwenye simu kwa miaka yote iliyofuata, hata siku aliyonipigia kunieleza kwamba Afande amefia usingizini juu ya gunia lake la mchele. Nilikuwa nikimwita Eedo, naye neno akilipokea bila kulirudisha. Mimi nami, kwa kiburi cha mtu aliyedhani hesabu yake iko sawa, sikuwahi kumwambia nisamehe. Nilisubiri wakati mzuri. Nimekwisha kusema alifariki mwezi gani.

Sasa, juzi Jumatatu simu ilipigwa na namba nisiyoijua. Bishaar. Sauti ilikuwa ndogo, haina mzaha. Amejaliwa kwenda hija, anasafiri Jumapili, anazunguka kwa kila mtu aliyepata kudhulumiwa naye, maana sheikh wao amewaambia kwamba haki ya Mungu Mungu husamehe, lakini haki ya mtu humngoja mwenyewe. "Nihalalishie, Karani," alisema. "Yote yaliyobita kati yetu." Nilimwambia msamaha wa jumla siuzi, ataje kimoja kimoja. Akakohoa. Akataja kicheko cha msibani. Nikamwambia endelea. Akataja hadithi za kibanda cha chai. Endelea. Kisha: "Ile dawa." Dawa gani? "Ile chumfi." Ulijua haoni? "Nilijua." Tangu lini? "Tangu ile mkono." Zaidi ya miaka ishirini nimeyasubiri maneno hayo, na yalipokuja niliyasikia kwa sikio la kushoto huku nikitazama sufuria isichemke ikamwagika. Nilimwambia nitamjibu kabla ya Ijumaa. Amenipigia mara sita tangu hapo, sijapokea, na sitaficha kwamba kila mlio unanipa raha.

Leo ni Jumatano, ndipo nakuja kwenu mnaosoma, hasa mliokaa na wanazuoni kuliko nilivyokaa mimi. Fungu langu naweza kumsamehe. Ni zee, limechakaa, hata kulibeba kumenichosha. Lakini fungu la paka ni la nani? Sote tulifundishwa katika chuo cha Kurani kwamba mwanamke aliadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa, kwa hiyo msiniambie kwamba paka hana haki. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nimetoa mali isiyo yangu. Nikikataa, mtu wa miaka sitini atazunguka Kaaba na macho ya Afande mgongoni, na moyo wangu mbaya unapenda sana picha hiyo. Na kuna la tatu, ambalo nimelizunguka katika sura hii yote: yeye aliyekosea anajua namba ya kupiga, na mwenye namba yuko hai. Mimi niliyeandika mdomo wa Eedo ukutani nimpigie nani? Ikiwa yuko anayejua, aniambie kabla ya Ijumaa, niombe vipi, na kwa nani. Kisha aniambie kama mtu mwenye ombi la namna hiyo anaruhusiwa kuiacha simu ya mwenzake ilie.